Mti Hula Nini?



Jioni moja nilikuwa nimeketi chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu. Mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka saba, akanijia na swali. "Baba, mti hula nini?" Nikamjibu pasipo kufikiri, kama tujibuvyo wengi wetu: "Hula udongo, mwanangu." Akauzunguka mwembe ule, akainama na kutazama penye shina, kisha akarudi. "Mbona basi hakuna shimo?"

Sikuwa na jibu. Nakiri kwa aibu kwamba nilimwambia Mungu ndiye aioteshaye miti, na kwamba aende akatawadhe kwa kuwa magharibi imekaribia. Maneno niliyoyasema yalikuwa kweli tupu, lakini niliyatumia kama komeo, ili swali lisiingie ndani. Mtoto akaenda zake, na kwa siku kadhaa hakuniuliza neno.

Jambo hilo lilinisumbua, na sidhani kama ni mimi peke yangu niliyelitenda. Mtoto ambaye kila aulizapo juu ya viumbe hunyamazishwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, hujifunza bila ya kufundishwa kwamba jina hilo ndipo maswali yakomeapo. Siku atakapopata jibu kwa mwalimu wa sayansi, atahesabu moyoni kwamba majibu ni ya namna mbili: ya watu wanaojua, na ya watu wanaosali. Tutamlaumu mwalimu kwamba amemharibia mtoto imani, hali kazi hiyo tuliianza wenyewe nyumbani, chini ya mwembe.

Kurani Tukufu haikutufundisha mwenendo huo. Katika Sura Al-An'am Mwenyezi Mungu Anajitambulisha kwa kazi ambayo macho ya watu hayaioni, kwa kuwa hufanyika chini ya udongo: Yeye ndiye Aipasuaye mbegu na kokwa. Na katika Sura Al-Waqi'a Anawauliza wanadamu juu ya kile wakipandacho, ni wao wanaokiotesha au ni Yeye. Je, swali kama hilo litamgusaje mtu ambaye hajapata hata mara moja kuitazama mbegu ikipasuka?

Basi turejee kwenye swali la mtoto, maana wakubwa waliliuliza zamani. Yapata miaka 400 iliyopita, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, tabibu mmoja jina lake Jan Baptista van Helmont alitia katika chombo ratili 200 za udongo uliokaushwa, akapanda humo mche wa mti mmoja upendao kingo za mito. Mche ule ulikuwa na uzito wa ratili 5. Kwa muda wa miaka 5 hakuupa kitu ila maji. Kisha akaung'oa na kuupima, akakuta ratili 169 na kitu kidogo juu yake. Udongo nao akaukausha tena, akaupima. Ulikuwa umepungua wakia 2 hivi! Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, naye mwenyewe alikuwa amekwisha fariki.

Mwanangu, basi, alikuwa ameona sawa. Shimo halipo kwa sababu udongo hauliwi. Van Helmont alidhani kwamba mti wote ulikuwa umetokana na maji, na hapo alikosea. La ajabu ni kwamba huyu ndiye aliyeanzisha neno "gesi" katika lugha za Ulaya, na aliijua ile hewa itokayo kwenye kuni zinazoungua. Wala haikumpitikia kwamba mti aliokuwa akiupima ulikuwa ukijilisha hewa hiyohiyo. Ilibidi zipite zaidi ya miaka mia. Mwaka 1771 Joseph Priestley, mhubiri wa Kikristo huko Uingereza, aliweka shina la mnanaa katika chombo kilichofunikwa ambamo mshumaa ulikuwa umezimika kwa kuharibika hewa. Baada ya siku kadhaa akaona kwamba mshumaa waweza kuwaka humo tena. Na mwaka 1779 tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, akaonyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani peke yake, tena penye mwanga tu.

Haya yote mtoto aweza kuelezwa kwa maneno machache. Jani ni jiko. Maji hupandishwa kutoka mizizini, na hewa huingia kwa vitundu vidogo mno vilivyo hasa upande wa chini wa jani. Hewa itakiwayo ni kabonidayoksaidi, ambayo ni kama sehemu 4 tu katika kila 10,000 za hewa inayotuzunguka. Moto wa jiko hili ni jua, na rangi ya kijani ndiyo inayoukamata mwanga wake. Kinachopikwa ni sukari, na kinachotolewa nje ni oksijeni, hewa ile tunayoivuta sisi. Sukari inayozidi mti huigeuza kuwa wanga na kuiweka akiba: mhogo huiweka mizizini, mhindi katika punje zake. Hata ubao wa mlango wako, karibu nusu ya uzito wake ukisha kauka ni kaboni iliyotoka hewani. Udongo hutoa maji na chumvichumvi kidogo, ambazo kwa uzito si kitu, lakini zikikosekana shamba hudhoofika. Ndiyo maana tunatia samadi, na mtoto aambiwe hilo pia, asije akaudharau udongo.

Lakini maneno hayatoshi. Chukueni bilauri mbili na pamba iliyoloweshwa, na katika kila bilauri wekeni haragwe moja kati ya pamba na kioo, mahali linapoonekana. Bilauri moja iwe dirishani, ya pili ndani ya kabati. Mtoto ataona ganda linapasuka, mzizi unatoka kwanza nao unaelekea chini, na hata mkiilaza bilauri utajipinda kuitafuta ardhi. Ataona pia kwamba haragwe lina pande mbili nene. Mwambieni kwamba hayo ni masurufu ya safari, ambayo mama mti humfungashia mwanawe kabla ya kumwacha, kwa kuwa mche mchanga hauna jani la kupikia bado.

Sisi tulifanya hivyo nyumbani. Baada ya siku kumi mche wa kabatini ulikuwa mrefu kuliko wa dirishani, mweupe-njano, umejinyosha kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Mwanangu akapiga kelele kwamba wa gizani umeshinda. Nilimwacha ashangilie. Siku chache baadaye masurufu yalikwisha, na mche ule mrefu ukalala, nao mfupi wa dirishani ukaendelea kutoa majani. Hakuhitaji kuelezwa na mtu jua lina kazi gani.

Sasa nafika penye jambo ambalo wazazi wengi hulikimbia. Mtoto akisha kujua mti unavyokula, atauliza mti unavyozaa. Hapo baba hukohoa, na mama hukumbuka chungu chake kilichoko jikoni. Lakini tazameni Sura Yaasin, ambayo wengi wetu twaisoma mara kwa mara. Mwenyezi Mungu Anataja jozi Alizoziumba, naye Anaanza na jozi za vile viotavyo ardhini. Baada yake ndipo Anapotaja jozi katika nafsi za wanadamu, kisha jozi katika vitu ambavyo watu hawavijui. Mimea imetangulizwa. Kwangu mimi huo ni mpango wa mafundisho ulio tayari kwa mzazi mwenye haya: aanze shambani, na mtoto akifikia umri wa kuambiwa habari za mwili wake, maneno ya heshima yatakuwa yamekwisha kuwekwa kinywani mwake. Mzazi anyamazapo, mtoto hubaki na swali lake, naye hulipeleka vichochoroni, ambako hujibiwa kwa lugha isiyo na haya wala ukweli.

Na shamba letu halikosi mifano. Mpeni mtoto gunzi la hindi lenye mapengo, mkamwulize punje zilizokosekana zimekwenda wapi. Ua la kiume la mhindi ni lile la kileleni, lililo kama ufagio. Humwaga ungaunga uitwao chavua. Ua la kike ni gunzi lenyewe, na ndevu zake si pambo. Kila unywele mmoja umeshikamana na punje moja. Chembe ya chavua ikipeperushwa na upepo na kutua juu ya unywele, huchipua kijibomba chembamba sana ambacho husafiri ndani ya unywele huo mpaka chini, na punje ikatungwa. Unywele usiofikiwa na chavua huacha pengo. Kwa hiyo mtoto anayehesabu mapengo katika gunzi anahesabu ndevu zilizongoja bure.

(Wako ndugu ambao hapa huitaja Sura Al-Hijr, inayozungumza habari za pepo zinazorutubisha. Wafasiri wengi waliieleza aya hiyo kuhusu mawingu na mvua, na maneno ya mvua yanaifuata palepale. Mimi siivuti ili nimshangaze mtoto. Kurani haina haja ya msaada wa namna hiyo.)

Mimea mingine haiutegemei upepo. Mbuyu hufungua maua yake jioni, meupe, yenye harufu, na katika Afrika wageni wake wakubwa ni popo. Mtikiti huwangoja nyuki, nao huzaa maua ya kiume na ya kike katika mmea mmoja. La kike hujulikana kwa kitikiti kidogo kilicho chini yake.

Ua hilo la tikiti lina kisa chake. Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, kulikuwa na mtoto mtumwa, yatima, jina lake Edmond. Bwana wake alipenda bustani, akawa anatembea naye na kumweleza mimea, na siku moja alimwonyesha namna ya kuliunganisha kwa mkono ua la kiume la tikiti na ua la kike. Katika bustani ile palikuwa na mmea wa vanila, uliotoka Mexico. Miaka mingi ulitoa maua usizae, kwa kuwa wadudu wake walibaki kwao, na wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamepata njia ya kumfaa mkulima. Mwaka 1841 Edmond, akiwa na umri wa miaka 12, aliyakumbuka yale ya tikiti. Kwa kijiti na kidole gumba akakiinua kijingozi kilicho kati ya sehemu ya kiume na ya kike, akazigusanisha, na mmea ukazaa. Mpaka leo wakulima wa Madagaska, Komoro, Uganda na Kagera wanachavusha vanila yao kwa njia hiyo, ua moja moja. Watu wengine walitajirika kwayo. Yeye alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipokomeshwa kisiwani, akapewa jina la Albius, na mwaka 1880 alifariki maskini.

Fikirini, ndugu wasomaji: angalinyamazishwa siku ile penye tikiti?

Nasi Waislamu tunalo jambo kubwa zaidi katika kitabu cha Sahihi Muslim. Mtukufu Mtume s.a.w. alipohamia Madina, aliwakuta wenyeji wakiipandisha mitende, yaani wakichukua chavua ya mtende dume na kuitia katika maua ya mtende jike. Akatoa rai kwamba huenda hakuna faida kufanya hivyo. Masahaba, kwa utii wao, wakaacha. Msimu ule tende zikaharibika. Alipoambiwa, hakuona uzito kusema kwamba hiyo ilikuwa rai yake tu, na kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Yeye aliyekuwa akipokea ufunuo wa Mwenyezi Mungu alilirudisha suala la ua la mtende kwa wakulima wanaolijua. Nami, baba wa mtoto mmoja, niliona vigumu kusema "sijui" mbele ya mwembe.

Siku ya tatu baada ya mche wa gizani kulala, nilimwita mwanangu nikamwambia kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la makosa, na kwamba yeye ndiye aliyeona sawa juu ya lile shimo. Tukaanza upya. Tumepita maharage na mahindi, na sasa tupo kwenye mipapai. Tunayo sita uani. Mmoja ni dume, maua yake yananing'inia katika vikonyo virefu, na mwaka wa pili sasa hauzai. Juma lililopita jirani yetu, mtu mwema, alikuja na panga kutusaidia kuuondoa, kwani unakula nafasi bure. Mtoto akasimama mbele ya shina.

"Shikamoo, babu," akasema. "Huu ndio baba yao."

Jirani akanitazama mimi. Nikamwambia aketi, mtoto amweleze.