Injini Mpya, Breki za Zamani

Andiko: Mathayo 9:16-17, Matendo 18:24-28, Wagalatia 5:22-23



Yesu alipotaka kueleza kazi mpya ya Mungu, alizungumza habari za viriba. Watu waliomsikiliza walizijua vizuri. Divai mpya bado inachemka na kupanuka. Ukiitia katika ngozi kuukuu iliyokauka, ngozi inapasuka, divai inamwagika, nawe unakosa vyote viwili. Angalia vizuri hapo, mpendwa. Yesu hakulaumu divai. Divai ilikuwa njema. Shida ilikuwa chombo.

Sasa sisi hapa viriba hatuna. Lakini magari tunayajua, na wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuitwa katika huduma nilipata ugali wangu nikiwa nimelala chini ya magari. Kwa hiyo leo niruhusuni nihubiri kama fundi.

Pikapu ya mwaka 1948

Mwaka juzi nilikuwa California, Marekani, kuwatembelea Wakenya wenzetu wanaoabudu kule. Mwenyeji wangu, kwa kujua historia yangu ya spana, alinipeleka kwa jirani yake, mzee mmoja aliyestaafu, mwenye gereji nyuma ya nyumba.

Wamarekani wana kazi moja wanaipenda sana. Wanachukua gari la zamani, mara nyingi Ford, wanalivua hadi mifupa, halafu wanaliwekea injini yenye nguvu kuliko ile lililozaliwa nayo. Wanalishusha karibu na barabara na kulipiga rangi hadi unaweza kunyolea ndevu kwenye boneti. Gari la namna hiyo wanaliita hotirodi. Mambo hayo yalishika moto kwa vijana wa kusini mwa California miaka ya 1930. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya V8 kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeweza. Vijana wakachukua magari yao, wakang'oa madigadi na kila kitu kizito, wakaenda kushindana jangwani kwenye maziwa yaliyokauka.

Mzee huyu alikuwa na pikapu ya Ford F-1 ya mwaka 1948, modeli ya mwaka wa kwanza kabisa wa pikapu za F. Ilikuwa imekaa shambani miaka mingi, mvua yake, jua lake. Alipoinunua watu walimcheka. Lakini ile siku niliyofika, kitu kilichonishangaza kilikuwa kingine. Pembeni niliona injini ya V8 ya Chevrolet, lita 5.7, imefunguliwa na kufungwa upya, safi kabisa, iko kwenye stendi yake imefunikwa nailoni. Nguvu zake, aliniambia, ni za farasi kama 300. Injini iko tayari! Lakini mzee yuko chini ya chesisi anakunja paipu za breki, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote.

Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini usiweke injini kwanza, tuisikie ikinguruma?"

Akacheka. Akaniambia injini ndiyo kila mtu anataka kuisikia, lakini breki ndizo zitakazomrudisha nyumbani.

Kwa nini breki kwanza

Nisikilizeni vizuri hapa, hasa vijana.

Pikapu ile ilipotoka kiwandani ilikuwa na injini ya farasi 95 au 100, kulingana na aliyoichagua mnunuzi. Breki zake zilikuwa za drami magurudumu yote manne, na masta silinda yenye njia moja tu ya mafuta. Maana yake ni kwamba paipu moja ikitoboka, breki zote zimekwisha. Kwa mkulima wa mwaka 1948 anayepeleka viazi sokoni polepole, zilimtosha.

Sasa weka farasi 300 hapo. Kuna hesabu ambayo fundi haruhusiwi kuisahau: ukiongeza mwendo mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Gari lililo kilomita 100 kwa saa halihitaji breki mara mbili ya lile la kilomita 50. Linahitaji mara nne! Nguvu inapanda ngazi, lakini hatari inapanda lifti.

Na si breki peke yake. Chesisi ya pikapu ile ni vyuma viwili virefu vilivyo wazi upande mmoja, mfano wa herufi C. Injini kubwa ikivuta, chuma kama hicho kinajipinda. Kwa hiyo mzee alichomelea bamba la chuma upande ule uliokuwa wazi, kikawa kama sanduku refu. Ekseli ya mbele ya zamani akaitoa, akaweka breki za diski. Difu ya nyuma akaweka ngumu zaidi. Masta silinda akaweka ya njia mbili, moja ikikataa nyingine inashika. Umeme akautoa volti 6 akaupeleka 12. Yote hayo hayaonekani! Ukimaliza gari, watu wanapiga picha na rangi. Hakuna anayelala chini apige picha na masta silinda.

Nikamwuliza habari ya rangi. Akasema ni ya mwisho. Kwanza gari litaendeshwa likiwa chuma kitupu, litikisike, livuje, lionyeshe makosa yake yote. Halafu atalivua tena, alirekebishe, ndipo apige rangi. Wapendwa, sisi wengine tumeanza na rangi. Tumejua kuvaa, tumejua kushika maikrofoni, tumejua sauti ya kutetemesha. Chini ya rangi chuma bado kina kutu.

Habari iliyo katikati yetu

Sasa nifike nyumbani, maana najua mazungumzo yaliyopo baada ya ibada, na najua yanayoandikwa kwenye kikundi cha simu.

Kuna kijana wetu aliyeokoka mwaka huu. Sitamtaja jina, ingawa mnamjua, na yeye mwenyewe ameniruhusu niseme. Mungu amempa kipawa. Hilo hakuna anayelipinga. Akiomba, watu wanalia. Mialiko ikaanza kutoka kila upande: kesha hapa, mkutano wa injili pale, sadaka zinaingia moja kwa moja kwenye simu yake. Kwa miezi mitatu hakuwa na Jumapili ya kukaa chini kufundishwa kama waongofu wengine.

Ndipo katika kesha moja, mbali na hapa, akamwambia mama mmoja wa kanisa letu kwamba amepona presha, aache dawa. Mama akaacha. Siku ya tisa tulimbeba usiku kwenda hospitali, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Ashukuriwe Mungu yuko hai. Anajifunza upya kushika kikombe.

Wazee wa kanisa waliketi, wakaomba, wakaamua kijana asimame kando ya madhabahu kwa miezi sita, afundishwe. Na sasa kanisa limegawanyika. Wengine wanasema afukuzwe kabisa. Wengine wanasema tunamzima Roho.

Kwa wale wa kwanza: gereji na jaa la vyuma chakavu, ukitazama kutoka barabarani, vinafanana. Kote kuna magari yasiyo na magurudumu. Tofauti ni moja tu, gereji ina fundi. Kijana huyu hayuko jaani. Yuko juu ya mawe, na fundi wake ni Yesu. Injini haijatupwa, imefunikwa nailoni inangojea. Usipite pale ukang'oa vipuri kwa mdomo wako.

Kwa wale wa pili, mnaoniambia habari za kuzima Roho: andiko hilo nalijua, 1 Wathesalonike 5:19. Lakini endelea mstari miwili mbele, utamkuta Paulo huyo huyo akituagiza tupime mambo yote. Moto na kipimo vimo katika aya moja!

Hata wale vijana wa hotirodi walilifikia jambo hili. Walipoanza kushindana barabarani kati ya watu, wengine walisema wakomeshwe kabisa. Mwaka 1951, kule California, Wally Parks akaanzisha chama kinachoitwa National Hot Rod Association, ili mbio zitoke barabarani ziende uwanjani, zenye kanuni za usalama, na gari likaguliwe kabla ya kukimbia. Hakuzima injini ya mtu. Aliipatia mahali na kanuni, na chama hicho kipo hadi leo.

Na jambo la uponyaji, nilinene wazi ili pasiwe na fununu. Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeona kwa macho yangu. Lakini wakoma kumi walipomlilia Yesu katika Luka 17, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Wakaenda kukaguliwa! Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Ukiombewa na ukaamini umepona, utukufu kwa Mungu. Nenda kwa daktari akupime, na yeye ndiye aseme dawa zipunguzwe. Mtu yeyote, awe nabii, awe mchungaji, awe mimi, akikuambia utupe dawa zako, toka hapo na uje utuambie.

Apolo alipelekwa nyumbani

Tazama Apolo katika Matendo 18. Mtu msemaji, hodari katika maandiko, roho yake inawaka. Injini kamili! Lakini alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila wakamsikia. Walifanya nini? Hawakusimama kumwaibisha mbele ya watu. Hawakunyamaza pia eti kwa sababu mahubiri ni matamu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na mwisho wake? Alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua apokelewe, akawa msaada mkubwa kule. Alitoka gereji akaenda mbali kuliko alivyokuwa amefika.

Kinyume chake ni Samsoni. Nguvu za kung'oa malango ya mji, lakini hakuna aliyeweza kumwambia "hapana", hata baba yake na mama yake. Injini ilikuwa ya Mungu kweli. Breki hazikuwepo.

Ndiyo maana Paulo anapotaja tunda la Roho katika Wagalatia 5, anafunga orodha na kiasi. Kiasi ndiyo breki, na nani ameizaa? Roho yule yule anayetoa nguvu. Kwa hiyo usiniambie breki ni za mwili na injini ni ya Roho. Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja.

Ufanye nini wiki hii

Kwanza, jiulize: ni nani anayeweza kuniambia "hapana" nami nikatii? Kama hakuna, paipu yako ni moja, na siku itakapotoboka hakuna kitakachoshika. Tafuta mtu kabla ya Jumapili ijayo.

Pili, kama unahudumu, fedha ya huduma isiingie kwenye simu yako. Iingie mahali ambapo watu wawili wanaiona.

Tatu, kama kipawa chako kimekaa chini ya nailoni na umechoka kungoja, usijisukume barabarani usiku. Musa alichunga kondoo Midiani miaka 40 kabla ya kusimama tena mbele ya Farao. Kungoja kwako ni sehemu ya kujengwa.

Nne, kanisa tuwe Prisila na Akila. Kijana wetu anahitaji meza za kulia chakula, si vikundi vya simu vya kumjadili. Kila Jumamosi anakwenda kwa yule mama kumchotea maji na kumpasulia kuni. Hajatumwa na mzee yeyote. Mama anampikia chai, na siku moja alimwambia, kwa mdomo ule ambao bado haujanyooka sawasawa, "Keti, mwanangu, uniombee. Na baada ya hapo nipe dawa yangu ninywe." Wapendwa, chesisi imeanza kushikana hapo.

Tuombe

Bwana Yesu, tunakushukuru kwa nguvu zako. Hatutaki kuzikataa. Tunaomba utuvue kila kutu tuliyoifunika kwa rangi. Utupe kiasi, utupe watu wa kutuambia ukweli, utupe subira ya kukaa mikononi mwako. Mponye mama yetu mkono wake na ulimi wake. Mjenge kijana wetu. Na siku utakapotuachilia barabarani, tufike salama, pamoja na wote uliowapandisha ndani yetu. Katika jina la Yesu, Amina.