Mkono uliosita

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hukumbukwa sana kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa pumba, na kwa walinzi waliokula vinono wakaudharau mkate ule uliomfungua Liyongo kifungoni. Ni hadithi tamu ya ushujaa. Lakini mtu wa kumtafakari zaidi, kwa maoni yangu, ni kijana aliyemuua Liyongo, mwanawe wa kumzaa.

Mfalme wa Pate alimwahidi cheo na binti yake ili amuue Liyongo, naye akaenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwondolea uhai. Baba alihisi kuwa mwanawe ametumwa, na bado akamjibu: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Kijana akaipata sindano, akarudi kuishi kwa baba yake. Kila alipomnyatia usingizini, baba aliposhtuka, ujasiri ulimwisha. Siku zikapita hivyo, mchana ni mwana na usiku ni muuaji, hadi ukaja usiku ambao mkono haukusita tena.

Kusita huko ndiko kunakonishika. Kama moyoni mwake hamkuwa na kitu ila uovu, usiku mmoja ungemtosha. Na kama alimpenda baba tu, ile sindano aliibebea nini? Sisi watu wa kawaida tukikutana na tendo kama hilo husema shetani alimpitia, tukaukabidhi uovu kwa mgeni ili mwenyeji abaki msafi. Hata Robert Louis Stevenson, mwaka 1886, alimpa Dk. Jekyll dawa ya kuugawa utu wake, ubaya ukapata sura yake na jina lake, Hyde. Utendi hautupi nafuu hiyo. Mkono uliopokea chakula kwa baba ndio uliomchoma, na mapenzi yaliyouchelewesha hayakuwa ya kuigiza.

Wala Liyongo mwenyewe si malaika. Upinde wake uliua, na majigambo hayakumpungukia. Alipoitoa siri ya kifo chake kwa mtu aliyemshuku, je, ulikuwa upendo wa mzazi asiyeweza kumnyima mwanawe, au kiburi cha shujaa asiyeamini kuwa kuna wa kumthubutu?

Halafu yuko mfalme. Kazi ilipokwisha hakumwoza kijana binti yake. Alimvua nguo za heshima akamfukuza, na kijana akaugua, akafa. Aliyeagiza mauaji alichukizwa na muuaji. Wapo watakaosema hiyo ni hila tu ya kukwepa deni, na sababu wanayo. Mimi naona pia mzazi aliyemtazama mtu aliyemuua babaye, akashindwa kumpa mwanawe. Hila na dhamiri zilimfikisha kwenye uamuzi mmoja, na sidhani kama yeye mwenyewe angeweza kusema ipi ilitangulia.