Mlango Ambao Kolera Haiufungi

Somo la wiki: 1 Wakorintho 12:12–26



Mtoto yule alikuwa akipumua kwa nguvu na kwa kina, kama aliyetoka kukimbia, na sisi tuliomzunguka tukasema ni kifua. Mama yake alikuwa amekwisha kumpaka mafuta. Mimi nikamwekea mkono kichwani nikaomba, na niliomba kwa muda mrefu. Utosi ulikuwa umebonyea chini ya kiganja changu. Niliuhisi, wala sikujua maana yake. Tangu usiku alikuwa akihara maji meupe kama yale tunayooshea mchele, na bibi mmoja alikuwa ameshauri asinyweshwe, kwa kuwa kila akinywa anazidi kuhara. Tulipoamua kumpeleka kwa waganga wa kituo cha afya, ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Alifariki njiani, juu ya pikipiki, mgongoni mwa mama yake.

Sijutii kuomba. Ninajuta kwamba sufuria la maji yaliyochemka na kupoa lilikuwa pale pale kando ya mafyiga, na hakuna aliyelifikiria, mimi nikiwa wa kwanza.

Baadaye mganga mmoja alinikalisha chini akanieleza, nami nawaeleza ninyi kama nilivyoelewa. Tukila sombe na wali, tumbo halifanyi kazi kavu. Mate, maji ya tumbo, nyongo na vile tunavyokunywa, vyote pamoja hufika lita 8 hivi kila siku ndani ya utumbo, na utumbo huyarudisha karibu yote kwenye damu. Kinachotoka chooni ni kidogo sana. Kijidudu cha kolera hakitoboi utumbo huo. Kinaachia sumu inayoulazimisha umwage maji na chumvi bila kusimama, hata mtu mzima aweza kupoteza lita moja kwa saa. Aliyelima asubuhi anaweza kuzikwa jioni.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma na kunywa maji ya ziwa, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza tu, wengi wao kwa kuhara: kolera ikatangulia, kuhara damu kukafuata.

Lakini kuna jambo lililonifanya nikae kimya siku nzima nilipolisikia. Katika ukuta wa utumbo upo mlango ambao chumvi na sukari hupita pamoja, moja ikimshika mwenzake mkono, na maji huwafuata nyuma. Mtaalamu Robert Crane ndiye aliyeueleza mwaka 1960. Sumu ya kolera haiugusi mlango huo. Mtoto anahara, anatapika, macho yamezama, na bado mlango uko wazi, unangoja. Mimi ninaamini aliyetuumba aliuacha wazi kwa makusudi.

Mwaka 1971, huko Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa na wagonjwa wa kolera waliolala sakafuni, wakimbizi wa vita ya Bangladesh, na serumu za kutundika zikamwishia. Akachanganya chumvi na sukari ya glukosi katika maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kambini walikuwa wakifa 30 hivi kwa kila wagonjwa 100. Miongoni mwa waliotunzwa kwa maji yale, vifo vikashuka chini ya 4. Kazi ile ilifanywa na mama, shangazi na kaka, wakiwa na kikombe mkononi.

Sasa turudi kwenye pumzi ya yule mtoto, maana Paulo anatufundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia, vingine haviwezi kukaa pembeni. Mwenye kuhara sana hupoteza pia zile chumvi zinazozuia damu isichachuke. Damu ikianza kuwa chachu, mapafu huingia kazini: yanavuta na kutoa kwa nguvu, ili kuutoa uchachu ule kwa njia ya hewa. Mapafu yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Yalikuwa yanajitahidi kuliokoa tumbo, na sisi tukayapaka mafuta.

Kuna kupumua mbio kwingine, kwa nimonia, kunakokuja na kikohozi au shida ya kuvuta hewa. Hesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 akifika 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikizama chini ya mbavu anapovuta hewa, usingoje hata kupambazuke. Na mama anayepikia kuni ndani ya nyumba iliyofungwa, mtoto akiwa mgongoni, amsogeze mbali na moshi.

Wengine wataniuliza, mchungaji, mambo ya choo yanaingiaje katika tafakari? Someni Kumbukumbu la Torati 23. Mungu yule yule aliyewatoa Waisraeli Misri aliwaagiza wachukue kifaa cha kuchimbia, watoke nje ya kambi, na wafukie. Kwetu hapa, eneo la Kama, nyumba nyingi bado zinaelekeza haja zao mtoni, na mtoni huko huko tunachota.

Jumapili hii, baada ya ibada, kila nyumba ilete chombo cha lita moja, kijiko cha chai, sukari na chumvi. Akina mama wa kikundi chetu watachemsha maji mapema yapoe. Tutatia vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa kwa kisu, visiwe vya kilima. Kila mmoja ataonja: yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwagwe tuanze upya. Mtoto chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe kila anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko, na titi lisikatizwe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Kituoni ombeni pakiti za SRO, yaani chumvi na sukari tayari za kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, na safari isimkatize kunywa. Mama wa mtoto yule amekubali kushika kijiko cha kwanza.