Dua la Kuku

Hapa Pasua, Moshi, mtu akidhulumiwa, awe wa msikitini au wa usharikani, husema maneno yaleyale: nimemwachia Mungu. Mimi ni fundi cherehani, nami nadhani nayasikia kuliko shehe na mchungaji, maana mtu aliyesimama kupimwa, mikono kaitandaza, hana kazi nyingine ila kuzungumza. Kijana wa bodaboda kapeleka hesabu kila jioni kwa pikipiki ya mkataba, umebaki mwezi tu iwe yake, tajiri kaja na ufunguo wa pili kaichukua. Kamwachia Mungu. Binti wa kazi kafukuzwa, mishahara yake imebaki kwa mwajiri. Kamwachia Mungu. Mjane kateremka kutoka Kibosho na watoto na magodoro. Mashemeji wamesema kihamba ni cha ukoo, yeye alikuja na miguu yake. Naye vilevile.

Nabaki na sare zangu za shule najiuliza: anayemwachia Mungu, anamwachia nini hasa? Mashtaka, hukumu, au uchovu wake?

Wahenga wana jibu kavu: dua la kuku halimpati mwewe. Silipendi, ila siwezi kuliita uongo. Ni ushahidi wa mtu aliyekaa uani akaona: kifaranga kimekwenda, mama yake kapiga kelele mpaka kachoka, na mwewe yuko juu ya mwarobaini anajichambua manyoya. Madrasa nilifundishwa kinyume chake kabisa. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen, alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa hakuna kizuizi kati ya dua hiyo na Mwenyezi Mungu.

Hadithi hii husomwa sana kwenye kuwafariji walioonewa. Lakini tazama aliyekuwa anaambiwa. Muadh alikuwa anakwenda Yemen na madaraka, kuhukumu na kusimamia zaka, na katika wosia huohuo alikatazwa kuwachukulia watu mali zao zilizo bora. Maneno yale aliambiwa mwewe kabla hajaruka. Sisi tumeyachukua tukampa kuku ayalalie, na mwewe tukamwacha aende zake bila kuambiwa neno.

Wakristo nao wana mjane wao, yule wa Injili ya Luka sura ya 18, aliyekuwa akimwendea kadhi asiye na hofu ya Mungu wala haya kwa watu. Yesu alikuwa anafundisha kusali bila kukata tamaa, sawa. Ila mama yule hakukaa nyumbani akasali. Alimchosha kadhi kwa kwenda na kurudi. Mjane wangu wa Kibosho kaambiwa na watu wengi awe na subira. Kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa ya kumiliki ardhi, hakuna hata mmoja kati yao aliyemwambia.

Nawafikiria pia Wameru. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa kwa nguvu yapata watu 3,000 huko Engare Nanyuki, magharibi ya mlima wetu, Kilimanjaro. Nyumba zikachomwa, ardhi wapewe walowezi wafuge. Sina shaka watu wale walisali. Kisha wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, akiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi yake hapahapa Moshi. Mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ambamo Uingereza, mshtakiwa mwenyewe, ilikuwa na kiti. Kesi ya nyani kapelekewa ngedere, mtu angesema, na asingekosea sana: suala lilipofika Baraza Kuu, azimio la kutaka warudishiwe ardhi halikupata theluthi mbili za kura. Kirilo akarudi bila shamba.

Basi mwewe hakupatwa? Mwaka ule, hapana. Lakini mtawala alilazimika kujieleza mbele ya dunia kwa jambo alilodhani limekwisha siku moto ulipozimika, na Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, habari za Meru zilikuwa zimekwishatembea. Sijui kama hilo ndilo jibu la dua. Mtu aliyelala nje usiku ule ana haki ya kuniambia halimtoshi.

Wala simlaumu anayemwachia Mungu. Nauli huisha, shahidi hununuliwa, tarehe huahirishwa mpaka mtu akaona aibu kuomba tena ruhusa kazini. Ninaowadai ni wenye mimbari. Ijumaa moja, safu ya mbele ikiwa imejaa wenye mihuri, matajiri wa pikipiki na mashemeji wa watu, wosia wa Muadh wasomewe wao, wakiangaliwa usoni. Nilimweleza hivyo shehe mmoja aliyeleta kanzu ipunguzwe. Akacheka. "Mama, hao ndio wanaotuchangia mabati."

Nikamuuliza kama Muadh naye hakwenda Yemen kupokea michango.