Aliyeanguka Asife



Pana maneno ambayo husemwa katika majumba yetu kila ifikapo habari ya mtu aliyenusurika pale wenziwe walipokufa. Mmoja husema, "Yule ana jambo lake kwa Mungu." Wa pili husema, "Ni dua za mamake hizo." Wa tatu humalizia, "Ajali haina kinga. Siku yake haijafika." Maneno haya husemwa kwa nia njema. Lakini hebu yapime yakisikiwa na mama wa mmoja katika waliokufa, naye amekaa juu ya jamvi la matanga. Je, yeye hakumwombea mwanawe? Je, mwanawe hakuwa na jambo lake kwa Mungu? Swali letu basi ni hili: mtu akiokoka mahali ambapo hapakutarajiwa wa kuokoka, tuseme nini juu yake, naye ana deni gani?

Ili jambo lenyewe lituelee, na tuchukue mfano uliopita mifano yote: mtu kuanguka kutoka juu angani, bila ya mwavuli wa kurukia, asife.

Tarehe 26 Januari 1972, ndege ya shirika la Yugoslavia ilipasuka angani juu ya kijiji cha Srbská Kamenice, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Wachunguzi walisema kuwa ni bomu lililotiwa ndani yake. Ndege ilikuwa juu kiasi cha mita 10,160, na ndani yake mlikuwa na watu 28. Walikufa 27. Aliyebaki ni mtumishi wa ndege, msichana wa miaka 22, jina lake Vesna Vulović. Kipande cha ndege alimokuwamo kilianguka juu ya mteremko wa mlima wenye miti mingi na theluji. Alivunjika fuvu, uti wa mgongo, miguu na mbavu. Mwanakijiji mmoja, Bruno Honke, aliisikia sauti yake akamfuata. Mtu huyu alikuwa amewahi kuwauguza askari katika vita vikuu vya pili, kwa hivyo alijua la kufanya mpaka waokoaji walipowasili. Vesna alipoteza fahamu siku kadhaa, akapooza kiunoni kushuka chini, kisha baada ya miezi akatembea tena. Aliishi mpaka Desemba 2016.

Na hapa pana jambo la kuzingatia. Vesna mwenyewe alieleza kwamba hakupangiwa safari ile. Ofisini mlikuwa na msichana mwingine mwenye jina hilo hilo la Vesna, na majina yakachanganywa. Je, ewe msomaji, utasema ana bahati kwa kuwa aliokoka, au hana bahati kwa kuwa alipandishwa ndege isiyokuwa yake?

Wa kwanza tunayepaswa kumjibu ni yule asemaye kwamba aliyeokoka ameokolewa na wema wake. Neno hili likishikwa, basi lazima lishikwe kwa ncha zake zote mbili. Ikiwa mmoja aliokoka kwa wema, ndiyo kusema 27 walikufa kwa uovu. Nani mwenye kuthubutu kulitamka hilo? Mwaka 1944, usiku wa mwezi wa Machi, askari wa Uingereza aitwaye Nicholas Alkemade alijirusha kutoka ndege ya vita iliyoshika moto juu ya Ujerumani, maana mwavuli wake ulikuwa umekwisha kuungua. Alianguka zaidi ya mita 5,000, akapita katika matawi ya misonobari, akatua katika theluji, akaamka na mguu ulioteguka. Rubani wake alikufa. Hapana mizani hapa duniani itakayotuonyesha kwamba yule wa mkiani alikuwa mwema kuliko yule wa usukani. Sisi tumefundishwa kwamba mauti hayaji kwa kupima wema wa mtu. Walikufa mitume, wakakufa watoto wachanga. Basi kuokoka si cheti cha wema, wala kufa si hukumu.

Wa pili ni yule asemaye, "Ni majaaliwa tu, hapana la kuuliza." Huyu ameshika kweli, lakini ameishika nusu. Majaaliwa hupita katika sababu, na sababu tumepewa akili ya kuzitafuta. Hebu mtazame mkwezi. Akianguka kutoka mnazi wa mita 20, hufika chini kwa mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. Mtu akianguka kutoka angani, hewa humzuia, hata baada ya mita mia nne au tano mwendo wake hauzidi tena, bali husimama kwenye kilomita 200 hivi kwa saa. Kwa hivyo aliyeanguka kutoka mita 600 na aliyeanguka kutoka mita 6,000 hugonga chini kwa mwendo ulio karibu kuwa mmoja. Tofauti yao iko pale wanapotua. Mwili huvunjwa na mwendo kukatwa ghafla. Ukipunguzwa kidogo kidogo, na tawi, na theluji, na mteremko, au kwa yule mkwezi wetu na lundo la makuti, mwili huweza kustahimili.

Yupo mtu aliyelitafuta jambo hili kwa dhati. Hugh DeHaven alikuwa kijana akijifunza urubani katika jeshi la Uingereza mwaka 1917, ndege yake ikagongana na nyingine. Yeye aliumia vibaya tumboni, akapona, wengine walikufa. Hakutosheka kusema "bahati yangu." Aliuliza: nini kilichonihifadhi mimi, na nini kilichowaua wao? Mwaka 1942 alitoa utafiti juu ya watu walioanguka kutoka majumba marefu wakaishi, akaonyesha kwamba mwili wa binadamu huhimili pigo kubwa sana ikiwa nguvu yake imetawanywa na imepewa nafasi ya kupungua. Kazi yake ni mojawapo ya misingi ya mikanda ya viti na magari yaliyotengenezwa kuwahifadhi walio ndani. Ni watu wangapi leo wanarudi nyumbani kwa swali la mtu mmoja aliyekataa kujiona bora? Huyo alikuwa akiulizia sababu. Sioni vipi kuulizia sababu kunaweza kuwa ni kumpinga Aliyeziumba.

Sasa tutazame upande wa tatu, nao ndio unaotugusa zaidi. Tarehe 24 Desemba 1971 ndege ya Peru iliyokuwa na watu 92 ilipigwa na radi ikavunjika juu ya msitu wa Amazon. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, alianguka kama kilomita 3 akiwa amefungwa katika kiti chake. Alivunjika mtulinga, akakatwa mkono, na mamake aliyekuwa pamoja naye akafa. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba anayepotea msituni aufuate mto, maana mto humfikisha kwa watu. Aliufuata kijito siku kwa siku mpaka akakuta kibanda cha wakata miti, nao wakamtoa. Lakini sikiliza lililobainika baadaye: miongoni mwa abiria wenziwe walikuwamo waliofika chini wakiwa hai, wakafa kwa kutofikiwa. Mamake Juliane, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mmoja wao. Hao hawakuuawa na kuanguka. Mbingu iliwaachia, ikabaki zamu ya wanadamu, na wanadamu hawakuwahi.

Wala tusidhani haya ni ya nchi za mbali. Usiku wa tarehe 30 Juni 2009 ndege ya shirika la Yemenia ilianguka baharini karibu na Ngazija, ikiwa na watu 153, wengi wao Wangazija waliokuwa wakirudi kwao kutoka Ufaransa. Aliokoka mmoja, Bahia Bakari, mtoto wa miaka 12. Alishikilia kipande cha ndege zaidi ya saa 9, katika kiza na mawimbi, mpaka chombo kikamfikia na baharia mmoja akajitosa majini kumtwaa. Mamake alikuwa katika waliokufa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulitaja makosa ya marubani, na mwaka 2022 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ile kwa kuua bila kukusudia. Je, mahakama ilibishana na kudura? La hasha! "Ajali haina kinga" ni neno la kumliwaza mfiwa. Halikuwekwa liwe pazia la kumfichia mzembe. Mwenye chombo aliyepakia kupita kiasi hana haki ya kutuambia kuwa siku za watu zilifika. Sisi wa mwambao tuliozika watu wa meli ya Spice Islander mwaka 2011 twalijua hilo pasi na kufundishwa.

Turudi kwa yule aliyeokoka. Huyu naye hubebeshwa mzigo. Inasimuliwa kwamba abiria walipenda kukaa karibu na Vesna katika ndege, kana kwamba uzima wake waweza kuwaambukiza. Yeye mwenyewe alisema hakujiona mwenye bahati, na kwamba kuishi kwake kulimtia uchungu kila alipowakumbuka wenziwe. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Tumwambiapo "wewe umechaguliwa," twadhani twamtukuza, kumbe twamtwika maiti 27 mabegani, kila mmoja akimwuliza kwa nini yeye hakuchaguliwa.

Utauliza: basi asishukuru? Ashukuru, tena sana. Lakini pana tofauti baina ya maneno mawili. Asemaye "nimepewa" amekiri neema wala hakumgusa mtu. Asemaye "nimechaguliwa" amekwisha kuwahukumu wengine. Shukrani ni ya lile la kwanza. La pili ni kiburi kilichovaa kanzu. Na aliyepewa hadaiwi kuishi maisha ya wale waliokufa, kwani hilo haliwezekani. Anadaiwa lile analodaiwa kila aliye hai: kuitumia pumzi yake vyema. DeHaven alilipa kwa swali lake. Juliane alisoma elimu ya wanyama, akauhifadhi msitu ule ule wa Panguana ambamo wazazi wake walifanyia utafiti.

Na deni letu sisi tusioanguka popote? Ni hili: tuchunge ndimi zetu mbele ya wafiwa, kisha tufanye lililo katika uwezo wetu kabla ya kusema majaaliwa. Kisa cha bedui na ngamia wake twakijua sote. Kabla ya kumpandisha mkwezi, tutazame kamba yake na mnazi wenyewe. Kabla ya kuwapandisha watoto chomboni, tuulize maboya yako wapi na idadi ya watu ni ngapi, wala tusione haya kushuka tukijibiwa ovyo. Na likitokea la kutokea, tuwe ni wenye kuisikia sauti na kuifuata, kama alivyofanya mwanakijiji yule katika theluji. Kwani huenda yupo aliyekwisha kuachiwa na mbingu, akawa sasa anatungojea sisi.