Namba za Mafundi Zilizoanikwa

Ninaandika haya nikiwa mmoja wa walioshiriki kosa lenyewe. Chama kimoja cha mafundi mkoani Morogoro kilitaka kuweka orodha ya wanachama wake mtandaoni, ili mwenye bomba linalovuja ampate fundi bila kuzunguka mtaa mzima. Kazi alipewa kijana wa hapo hapo anayeijua WordPress. Mimi niliombwa kuikagua.

Alitumia plagini mbili. Gravity Forms ilipokea taarifa: fundi anajaza fomu kwa simu yake, nazo zinaingia kwenye hifadhidata. GravityView ilizitoa humo na kuzipanga kwenye kurasa. Njia hiyo ni nzuri na bado naipendekeza, kwa sababu plagini zilifanya kile tu tulichoziagiza.

Fomu iliuliza jina, ufundi, mtaa, simu, na namba ya NIDA. Mzee mweka hazina alipoiona aliuliza, "Mwanangu, anayetaka kutengenezewa kabati ataifanyia nini namba ya kitambulisho changu?" Tulimjibu kwamba ni ya kumbukumbu za ofisi. Swali lake lilistahili kikao kizima, nasi tulilimaliza kwa sentensi moja.

Ishara ya pili ilitoka kwa mama mmoja fundi cherehani. Aliiacha nafasi ya NIDA wazi, fomu ikakataa kupokelewa, akajaza sifuri tupu. Tulicheka, tukamwambia arudie. Leo naona kwamba yeye alikuwa ameelewa kuliko sisi.

GravityView ina ukurasa wa orodha na ukurasa wa mtu mmoja mmoja, na kila ukurasa hupangiwa vipengele vyake peke yake. Kwenye orodha kijana aliweka jina, ufundi na mtaa, nami nikaridhika. Kwenye ukurasa wa mtu mmoja alikuwa ameweka vipengele vyote wakati wa majaribio, ahakikishe hakuna kilichopotea, kisha akasahau kuviondoa. Ukibonyeza jina, kila kitu kiko wazi. Yeye alikuwa akiingia kama msimamizi kila siku, hivyo kuona namba za NIDA hakukumshtua. Na mimi nilikagua kwa akaunti hiyo hiyo ya usimamizi. Kila kipengele kina sehemu ya kuchagua nani akione, ila hatukuigusa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tena laini zetu za simu zimesajiliwa kwa namba hiyo. Kwa hiyo tulikuwa tumemwanika mtu jina, simu na tarehe ya kuzaliwa pamoja. Fundi umeme mmoja alipigiwa na mtu aliyejidai wa huduma kwa wateja, akamtajia vyote bila kukosea. Fundi akamwamini, akatoa namba yake ya siri. Fedha zilizokuwa za kununulia nyaya za mteja zikaondoka.

Tuliziondoa namba siku ile ile, lakini matokeo ya utafutaji wa Google yaliendelea kuonyesha baadhi yake kwa muda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu akusanye taarifa zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa tu. Mzee mweka hazina hakuhitaji kuisoma ili aseme jambo hilo hilo.

Ndugu msomaji, kama unasimamia orodha ya namna hii, ya kwaya, ya saccos au ya wazazi wa shule, nakusihi usisubiri kikao. Leo jioni jitoe kwenye akaunti yako, azima simu ya mtu asiyehusika, fungua tovuti, kisha bonyeza jina la kwanza utakaloliona.