Kosa Liko kwa Huduma Ipi?

Mfumo wa kompyuta uliojengwa kwa huduma ni muungano wa programu nyingi ndogo, kila moja na kazi yake, zote zikipelekeana ujumbe. Anayenunua umeme kwa simu huzigusa kadhaa kwa mpigo: ipo inayokagua salio, inayokata pesa, inayotoa tokeni na inayotuma ujumbe mfupi. Pesa zikikatwa na tokeni isifike, limethibitika jambo moja tu, kwamba mnyororo umekatika. Ni pete ipi iliyokatika, jaribio halisemi.

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwanafizikia Mfaransa Pierre Duhem alieleza mwaka 1906 kwamba jaribio la maabara haliwezi kuhukumu dhana moja peke yake. Likishindwa, kinachokataliwa ni kundi zima la dhana zilizotumika, na mtafiti haambiwi arekebishe ipi. Hali ya mpimaji wa huduma ni ngumu zaidi, kwani huduma nyingi ni mali ya watu wengine na msimbo wake hauoni.

Njia anayobaki nayo ilishaelezwa na John Stuart Mill mwaka 1843: badili kitu kimoja, vingine vyote viache vilivyo. Huduma inayoshukiwa huondolewa, mahali pake huwekwa programu ya kuigiza ambayo majibu yake yanajulikana, kisha jaribio hurudiwa. Hitilafu ikitoweka, shaka hupata uzito. Bado si hukumu, maana huenda huduma iliyoondolewa ilikuwa ikijibu sawasawa swali lililoulizwa vibaya.

Hapo ndipo maana yenyewe ya kasoro inapohitaji kuchunguzwa. Chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea Septemba 1999. Programu moja ilitoa vipimo vya msukumo kwa paundi, nyingine ikavisoma kama niutoni, na tofauti ikawa ya zaidi ya mara nne. Kwa kutazama hesabu peke yake, kila upande ungeweza kujitetea. Kilichoonyesha mkosaji ni waraka wa makubaliano baina ya programu hizo, uliotaka vipimo vya metriki.

Kasoro, basi, haikai ndani ya huduma kama kutu ndani ya chuma. Hukaa kati ya huduma na ahadi yake. Pasipo ahadi iliyoandikwa, mpimaji anaweza kuonyesha kwamba huduma mbili hazielewani, lakini hana haki ya kutamka ipi imekosea.